Sabuni ya Mgeni

Nyumbani kwa Nyanjige kulikuwa na sabuni mbili. Moja ilikuwa mche wa kufulia, ulikaa juu ya jiwe nje ya jiko, na kila mtu aliutumia mpaka kuku wakawa wanaudonoa. Ya pili ilikuwa ya kuogea, ya manukato, imefungwa kwenye karatasi yake na kufichwa ndani ya sanduku la bati chini ya vitenge, na hiyo ilitoka siku ya mgeni tu. Salu, mume wake, enzi za uhai wake alikuwa akimtania kwamba atakufa hajawahi kunukia sabuni yake mwenyewe. Nyanjige alicheka, akairudisha sandukuni. Yeye alikuwa mtu wa kulisha watu, na kijiji kizima, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, kilijua kwamba ukipita kwake hutoki na njaa.

Salu alifariki mwaka tisini na tatu, akamwachia binti mmoja, Flora, aliyekwisha olewa na mchuuzi wa samaki kule Lamadi, na shamba la ekari nane kwenye mbuga nyeusi kando ya mto. Wakati ule shamba la pamba lilikuwa mzigo. Ushirika ulikuwa ukichukua pamba yako mwezi wa saba, ukaja kukulipa ukiwa umeshasahau kama uliiuza. Mayala, mdogo wake Salu, alikuwa mjini Bariadi akiuza betri na mipira ya baiskeli. Hata arobaini ya kaka yake alifika imeshaisha, akala, akaondoka.

Halafu likaja soko huria. Msimu wa tisini na tano matajiri waliingia vijijini na malori na mizani yao, wakinunua kwa fedha taslimu, leo huyu anapandisha bei, kesho yule anapandisha zaidi. Watu wakanunua bati, wakanunua redio, na wengine wakanunua ugomvi. Ardhi nyeusi ya kando ya mto ikawa dhahabu. Hapo ndipo Mayala alipokumbuka kwamba alikuwa na kaka.

Alikuja na maneno matamu kwanza, kwamba shamba ni la ukoo na shemeji hana mtoto wa kiume, kwa hiyo apumzike tu, ukoo utamtunza. Nyanjige alimlisha, akamnawisha kwa sabuni ya sandukuni, kisha akamwambia hapana. Alikuwa ameng'oa visiki vya shamba lile kwa mikono yake, tumbo likiwa na Flora. Mayala akaenda baraza la kata kufungua shauri.

Mwenyekiti wa baraza aliitwa Luhaga. Kama unatarajia mtu mwenye kitambi na macho mekundu, utasikitika. Luhaga alikuwa mwembamba, mpole, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kubembeleza, na mwanamke akilia mbele ya baraza alikuwa akimsubiri amalize. Aliahirisha shauri la Nyanjige mara tano. Mara ya tano akamsindikiza mpaka chini ya ngazi, akamuuliza habari za Flora, akamuuliza habari za mvua, halafu akasema polepole, kama mtu anayemwita mama yake, "Mayu, shauri lako ni jepesi. Lakini wajumbe wangu wana koo, na koo zinakauka. Elfu sitini tu, tulimalize."

Nyanjige alifika nyumbani akashika tama. Kuuza ng'ombe angeweza, alikuwa nao watatu. Lakini alijua kwamba Mayala naye ana ng'ombe, na ana duka, na mnada wa namna hiyo yeye hawezi kuushinda. Jumapili moja padri alitangaza kanisani kwamba kuna maofisa wa kuzuia rushwa wanakuja kutoka Shinyanga, wamepewa chumba kimoja bomani Bariadi, mwenye malalamiko aende. Watu walicheka chinichini. Nyanjige hakucheka. Jumanne alidandia lori la pamba, akaenda.

Ofisa aliyemsikiliza aliitwa Januarius, kijana wa Mwanhuzi, Msukuma wa kuzaliwa ila shule zote amesomea mbali, mpaka Kiswahili chake kikawa na haraka ya Dar es Salaam. Alikuwa na shati moja jeupe ambalo Nyanjige alikuja kulizoea. Aliandika kila neno, akamsomea, akamwekesha dole gumba japo mama wa watu alijua kusaini jina lake.

"Mama, tutamtegea," alisema. "Wewe mwambie fedha imepatikana, aje kuchukua nyumbani kwako. Tutakupa noti sisi. Usimkabidhi mkononi. Ziache kwenye kikapu, mwambie achukue mwenyewe. Akishika tu, dakika hiyohiyo, toka nje uanike kitenge chekundu juu ya uzio. Mengine tuachie."

"Akishika tu," alirudia Nyanjige.

"Papo hapo, mama. Usingoje."

Noti zilikuwa sita, za elfu kumi. Nyanjige alizitazama, akaona zinateleza kidogo.

"Mbona kama zina unga, baba?"

"Ni mpya tu. Usijali," Januarius alijibu.

Hapo ndipo kijana alipokosea, na alikuja kujilaumu miaka mingi. Noti zilikuwa na dawa isiyoonekana kwa macho, inayong'aa chini ya taa maalumu. Aliyezishika, mikono yake inasema. Lakini mafunzo yao yalikuwa kwamba mlalamikaji asiambiwe mambo ya kitaalamu, maana midomo haina kufuli. Basi Nyanjige aliambiwa afanye nini, wala hakuambiwa kwa nini.

Luhaga alikuja Alhamisi saa saba mchana, jua linawaka, amevaa koti lake la baraza. Nyuma ya kanisa la kijiji lilifichwa gari, na ofisa mmoja alikuwa barabarani na baiskeli na tenga, akijifanya mnunuzi wa kuku, macho yake kwenye uzio wa minyaa wa Nyanjige.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Karibu, mwenyekiti. Kaa kwenye kiti, hicho kigoda ni cha watoto."

Walisalimiana salamu zote, za nyumbani, za ng'ombe, za wagonjwa. Nyanjige alikuwa na hofu, na mtu akiogopa hufanya lile ambalo mwili wake umelizoea. Badala ya kuacha noti kwenye kikapu, alizichukua, akapiga magoti, akampa mkubwa wake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mama yake. Luhaga akapokea kwa mikono miwili vilevile. Akazihesabu, akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akashukuru, "Wabeja sana, mayu." Kisha akalivua koti kwa sababu ya joto, akalitundika kwenye mgongo wa kiti.

Sasa ilikuwa zamu ya kitenge. Kilikuwa kimekunjwa juu ya sanduku, hatua tatu tu. Lakini jikoni bugali ulikuwa umeiva na jogoo alikuwa ndani ya chungu. Nyanjige alikuwa amemchinja asubuhi, na hakuna aliyemwambia asimchinje. Mtu mzima anakuja kwako saa saba mchana, utamwekea nini mbele? Alisimama kati ya sanduku na mlango wa jiko. Aliwaza kwamba akianika kitenge sasa hivi, watu watamvamia huyu mzee na tumbo tupu ndani ya nyumba ya Salu. Dakika kumi za kula zingeharibu nini? Fedha ameshachukua, iko mfukoni, haitoki. Ale kwanza, ndipo wamkamate.

Akaenda sandukuni, akainua kitenge, na chini yake akatoa sabuni.

Alileta beseni na jagi, akapiga magoti, akamnawisha. Luhaga alisugua mikono vizuri, mpaka vifundoni, akasifu manukato. Alikula akashiba. Nyanjige alimwekea firigisi, kwa kuwa ni ya mwanamume anayeheshimiwa, naye akaitafuna taratibu akisimulia jinsi shamba litakavyobaki kwa mwenyewe. Alipomaliza akanawishwa tena kwa sabuni ileile. Ndipo Nyanjige akachukua kitenge chekundu, akatoka, akakitandaza juu ya minyaa.

Walikuja mbio. Noti zilikuwa kwenye koti, namba zake zilezile zilizoandikwa kwenye fomu, na Nyanjige alipoziona mkononi mwa Januarius alimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu walifunga mlango na dirisha, chumba kikawa giza, wakawasha ile taa. Mikono ya Luhaga ilikuwa mieusi, safi. Wakaigeuza, wakaitazama katikati ya vidole, kwenye kucha. Hakuna kitu. Ofisa mwingine, kwa kutimiza wajibu tu, akamulika mikono ya Nyanjige, ambaye alikuwa bado hajala wala hajanawa, na vidole vyake vikang'aa kibuluu kila kimoja. Alivitazama kwa mshangao, akidhani amepata ugonjwa.

Januarius aliona beseni pembeni, maji yake yana povu la manukato. Alikaa chini kwenye kile kigoda cha watoto. Kwao Mwanhuzi mama yake alikuwa na sabuni ya namna hiyohiyo, kwenye sanduku, na yeye alikuwa amesahau kabisa.

Kesi haikufutwa. Ilikwenda Dar es Salaam kuombewa kibali cha kushtaki, na kibali kikakaa huko mwaka mzima na zaidi, mvua ya Elnino ikaja ikabomoa madaraja, ikaondoka, na pamba ya Nyanjige ikaozea shambani. Lakini kesi ya kijijini haikungoja kibali cha mtu yeyote. Hiyo ilikatwa wiki ileile.

Mngedhani watu wangemshangilia. Hakuna mtu pale kijijini ambaye Luhaga hakuwahi kumwambia habari za koo zilizokauka. Lakini kilichozungumzwa kisimani hakikuwa elfu sitini. Kilikuwa jogoo. Nyanjige amemlisha mtu, amempigia magoti, amempa firigisi, kisha amemwitia polisi, chakula kiko bado kooni. Ng'washi, jirani yake wa miaka ishirini, aliyekuwepo siku Salu anapanda mikonge ya mpaka wa shamba, alikuja kumwambia usoni.

"Ungemkataa mlangoni, tungekusifu. Ungempa hiyo fedha, tungenyamaza, sote tumetoa. Lakini wewe mtu anakula kwako halafu unamfunga? Nani atakula kwako tena?"

"Nilitaka asishikwe na njaa, Ng'washi."

"Hayo kamwambie mzungu," Ng'washi alisema, akaondoka, na hakuja tena kuomba moto wala chumvi.

Hilo lilimuuma Nyanjige kuliko yote. Jioni alikuwa akipika bugali wa mtu mmoja, kitu ambacho mikono yake haikujua kupima. Ukabaki kila siku, akawapa kuku. Wapita njia walipita upande wa pili wa barabara. Sabuni ikakauka sandukuni, ikapasuka mistari.

Mwaka tisini na tisa, mwezi wa pili, aliitwa mahakamani Bariadi kutoa ushahidi. Januarius alimpokea nje, shati lake jeupe limechakaa kola. Walikaa kwenye benchi. Kijana alikuwa akifungua na kufunga jalada.

"Mama," alianza, "kuhusu yale maji…"

"Maji gani, baba?"

Kijana akalifunga jalada. Alikuwa na maneno mdomoni, na yalikuwa mafupi, "sikumbuki", neno moja tu la kumfundisha aseme. Akayameza. "Basi. Wewe sema kweli yako."

Akaisema. Mwendesha mashtaka, mwanamke kutoka Shinyanga, alimwongoza vizuri, na mpaka hapo mambo yalikwenda. Kisha akasimama wakili wa Luhaga, aliyeletwa kutoka Mwanza, mtu wa tabasamu.

"Mama, mteja wangu alipofika ulimpikia?"

"Nilimpikia jogoo."

"Ukamnawisha?"

"Nikamnawisha."

"Kwa maji matupu?"

"Kwa sabuni. Sabuni ya mgeni."

Watu wakacheka.

"Mara ngapi?"

"Kabla ya kula na baada ya kula. Kwani ninyi huko Mwanza mnanawa mara ngapi?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko, hata hakimu akainamisha uso, na Nyanjige akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Alidhani ameshinda. Hakuona kwamba mwendesha mashtaka ameweka kalamu mezani.

Wakili hakucheka. "Na alipokuwa anakula, koti lake lilikuwa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Na wewe ulikuwa ukipita nyuma ya kiti hicho kuleta maji, kuleta mboga, kutoa vyombo?"

"Sasa nani mwingine angeleta?"

"Taa ya serikali ilipowashwa, ni mikono ya nani ilikutwa na dawa, mama?"

Nyanjige alitazama vidole vyake juu ya ukingo wa kizimba. "Yangu," alisema.

"Uliagizwa utoe ishara papo hapo. Hukutoa. Ulimngoja ale mpaka amalize. Kwa nini?"

"Alikuwa mgeni."

"Alikuwa mgeni wako, au alikuwa mtu uliyekuwa unamtega?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza hivyo, ila Ng'washi kwa namna yake. Hakimu akamwambia ajibu. Akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa mgeni. Wakili akakaa.

Hukumu ilisomwa mwezi wa tano. Hakimu alisema, tena kwa upole, kwamba yeye binafsi ana mashaka na mengi, lakini sheria inataka mashaka hayo yamfae mshtakiwa. Fedha ilikutwa kwenye koti, mikono ya mshtakiwa ilikuwa safi, mikono ya mlalamikaji haikuwa safi. Luhaga akaachiwa huru. Alitoka nje akampa Nyanjige mkono mbele za watu, akamsalimia kwa jina la Salu, na Nyanjige akaupokea mkono huo kwa mazoea, ndipo akatamani aukate wake.

Shauri la shamba lilirudi barazani. Luhaga, mtu wa utaratibu, alijiondoa kwenye kiti ili isisemwe kwamba analipiza kisasi, akawaachia wenzake. Wajumbe waliuliza kama Nyanjige ana shahidi wa mpaka. Alimtaja Ng'washi. Ng'washi aliitwa mara mbili, mara zote mbili alikuwa mgonjwa. Watu wengine watatu waliokuwepo siku ile ya kupanda mikonge walisema hawakumbuki. Mayala alileta mashahidi saba. Shauri liliisha kabla ya chakula cha mchana, na Nyanjige akapewa siku thelathini.

Kwa Flora asingeweza kwenda. Mama mkwe akae nyumba moja na mkwe wake, wavunjiane heshima? Alikwenda Mwandoya, kwa kaka yake Kashindye, akiwa na sanduku la bati, jembe, na ng'ombe mmoja, wawili wakiwa wamekwisha kwenye nauli na karatasi za mahakama. Alipewa kibanda kizuri. Jenipha, mke wa Kashindye, alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliokuwa mgumu kuubeba. Hakumruhusu ashike mwiko wala achote maji. Kila mlo alimletea chakula na kumpigia magoti.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa kiangazi, Januarius alifika kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa amehamishwa, anakwenda kusini, na kabla ya kuondoka hakutaka barua imwambie mama huyu jambo ambalo angeweza kumwambia mwenyewe. Rufaa haikukatwa. Jalada limefungwa.

"Limefungwa," alisema Nyanjige.

"Limefungwa, mama. Kosa lilikuwa langu. Ningekuambia habari ya ile dawa…"

"Ungeniambia, ningemnawisha vilevile?" Alijiuliza kweli, akitazama chini. "Sijui, baba. Ningekuwa na shamba, labda. Na kijiji kingenichukia vilevile." Kisha akanyanyuka kama aliyeshtuka. "Hujala."

Alikwenda kibandani, akafungua sanduku, akarudi na kile kipande cha sabuni, kimepasuka, kimesinyaa, kinanukia bado. Januarius alikitambua, akaangalia pembeni. Chakula kilikuwa kimeshaletwa. Nyanjige alishika jagi, akaanza kupiga magoti mbele ya kijana, na mkono wa Jenipha ukaja taratibu ukalishika lile jagi kutoka juu.

"Acha, wifi. Kaa," Jenipha alisema kwa upendo. "Wewe ni mgeni."

Akamnawisha Januarius. Kisha akamgeukia wifi yake na beseni, akapiga magoti. Nyanjige akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni, na Jenipha akammiminia maji, akamtilia sabuni kiganjani, akamwambia asugue vizuri. Mikono ilinukia mpaka jioni. Nyanjige hakula siku hiyo, alisema ameshiba.